Fundi Taratibu Anakuja Tena

6 Februari

Kwako Msumari, mwana wa kaka yangu,

Marahaba kabla hujaniamkia. Natumaini wewe, mkeo na mtoto hamjambo. Mwambie mkeo shali aliyonifumia imenifika na ninaivaa hata pasipo baridi. Mama yako alipita hapa juzi, akanisimulia habari za watu wote aliogombana nao tangu mwaka uanze, akaondoka amefurahi. Paka mzima. Mimi mzima.

Usinitumie tena ujumbe wa "Shangazi pokea simu". Simu ni ya watu wasiojua kuandika. Mimi nimefundisha hesabu maisha yangu yote; anayetaka neno langu na alisome.

Sasa jambo lenyewe. Unaikumbuka chupa ya polishi uliyoiacha chini ya ngazi ulipokwenda kuanza maisha yako? Meza ya babu yako imefifia, nikaona si vizuri, siku watu wakija kujaa humu ndani, waikute hivyo. Nikaitikisa chupa, nikatafuta soksi, nikaipaka meza nzima mpaka miguuni. Ikang'aa! Nikajisifu. Kesho yake nikaigusa, inanata. Nikasema itakauka. Mpaka leo inanata. Manyoya ya paka yameota juu yake kama kidevu cha mtu. Jumapili alikuja mwalimu mkuu aliyenirithi pale shuleni, akaegemeza viwiko kwa adabu zote, na alipotaka kuaga meza ikakataa. Ilibidi nimvute. Shati lake limeacha nyuzi ambazo bado ninazo.

Niambie nifanye nini, na usicheke.

Shangazi yako


20 Februari

Shikamoo Shangazi,

Nimecheka. Mke wangu aliniona nimeinama juu ya barua, akadhani ni msiba. Nilipomsomea habari za viwiko akakaa chini kabisa. Sisi tuko salama. Mtoto ameota meno na anatafuna kila kilichotengenezwa kwa mbao, nami fundi samani nimekuwa adui wa mwanangu ndani ya nyumba yangu.

Shangazi, ile ni shelaki. Ni utomvu wa wadudu wadogo wanaokaa kwenye matawi ya miti. Tunainunua ikiwa vipande vyembamba mfano wa maganda ya kitunguu, tunavitia kwenye spiriti mpaka viyeyuke, ndipo tunapaka. Lakini ikishayeyushwa haikai. Baada ya miezi kadhaa imechoka, na ikichoka haikauki tena hata uiombe. Hiyo uliyopaka ina umri wa ndoa yangu.

Usiikwangue meza, na tafadhali usiipake vanishi juu yake. Mwite fundi polishi. Mtaa wa nyuma ya posta, mlango wa kijani, muulizie Fundi Taratibu. Ndiye aliyenifundisha kazi, na jina hilo tulimpa sisi wanafunzi wake kwa sababu hakuna duniani aliyewahi kumuona na haraka. Amefiwa na mkewe miaka mingi sasa, haongei sana. Mvumilie.

Mama kaniambia ulikwenda hospitali. Daktari alisemaje?

Mwanao, Msumari


18 Machi

Msumari wangu,

Hatujambo mimi na paka. Mama yako amegombana na muuza mkaa.

Fundi wako alikuja. Mtu mrefu, kofia ya sufu kichwani na jua lote hili, akabisha hodi, akaingia, akaisalimia meza kabla yangu. Akapitisha kidole juu yake.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Kwa kutumia nini?"

"Soksi."

Akafikiri kidogo. "Ya kushoto au ya kulia?"

Nawe uliniambia haongei!

Akaifuta ile nata yote kwa spiriti, bila kuumiza mbao. Siku ya pili akaja na shelaki mbichi aliyoiloweka mwenyewe, akaviringisha pamba ndani ya kipande cha fulana kuukuu, akadondoshea tone la mafuta ili kisikwame, akaanza kuzungusha. Duara, duara, duara, mkono hausimami. Nimechora maduara ubaoni tangu usichana wangu na wanafunzi wakaniita Bikari kwa ajili hiyo, lakini mkono kama ule sijauona.

Akaniambia uzuri wa shelaki ni kwamba tabaka jipya hulilainisha lile la chini, yakawa kitu kimoja. Ndiyo maana meza ya zamani haihitaji kuvuliwa nguo. Nikamweleza kwamba ni kwa sababu spiriti inayeyusha lililokauka kama inavyoyeyusha bichi. Akasimamisha mkono. "Kumbe kuna sababu," akasema. "Miaka yote mimi nafanya kwa imani." Nikamwambia mimi nimekaa na sababu miaka yote bila kuwa na meza ya kung'aa, kwa hiyo tuko sawa.

Meza sasa unaweza kunyolea ndevu mbele yake.

Ila jana kwa bahati mbaya nimeweka kikombe cha moto, kimeacha duara jeupe. Nadhani nimwite.

Shangazi yako


2 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Huku wazima. Kitanda cha mtoto nimekipaka shelaki ili atafune kwa raha. Ikishakauka haina madhara, hata vidonge na peremende huvikwa koti la shelaki. Mama mkwe wangu hakuamini mpaka nilipolamba mwenyewe, mbele ya wageni.

Hilo duara jeupe ni unyevu ulionaswa. Huna haja ya kumsumbua fundi. Lowesha kitambaa kwa spiriti kidogo sana, kiwe na ubaridi tu, upitishe juu yake harakaharaka kama unafukuza nzi. Litaondoka. Na tumia kisahani, Shangazi. Unavyo visahani tangu sijazaliwa.

Hukunijibu habari ya daktari.

Msumari


10 Mei

Mwanangu,

Salamu zote nimezipokea, na za mtoto nimezibusu. Mama yako mzima. Amepatana na muuza mkaa ili apate nafasi ya kugombana naye tena.

Ushauri wako wa kitambaa ni mzuri. Nimemwita fundi.

Tena kumetokea mengine. Kigoda cha jikoni kimechubuka. Kisha nimegundua droo za kabati langu zinanuka uzee. Akaja akazipaka shelaki kwa ndani, harufu ikafungiwa humohumo, shuka zangu sasa hazinuki kitu. Akanieleza usipake mafuta ndani ya droo hata siku moja, nguo zitakuchukia. Kisha meza ikapata duara jingine. Bahati mbaya.

Mvua zimekuwa nyingi. Alhamisi alibisha hodi amelowa chapachapa. "Nimekuja kukwambia leo siwezi kuja," akasema. "Hewa ina unyevu, polishi itageuka nyeupe kama ukungu." Nikamwambia asante kwa taarifa. Akakaa mpaka jioni akinieleza jinsi isivyowezekana kufanya kazi. Ijumaa ikanyesha tena, akaja tena kuniambia hivyohivyo.

Daktari ni kijana mzuri, ana viatu safi.

Hivi, ulipokuwa mwanafunzi wake, alikuwa anapenda chai ya namna gani?

Shangazi yako


27 Mei

Shikamoo Shangazi,

Huku salama, leo sitaandika mengi ya huku.

Mama alikuja kwako wiki iliyopita. Ameniambia meza ina maduara mapya manne, moja kila pembe, yote umbali mmoja kutoka ukingoni. Shangazi, kikombe cha bahati mbaya hakipimi. Mimi ni fundi. Nimeona meza zilizoharibiwa na watoto, na walevi, na mafundi wenzangu, lakini sijaona ajali yenye ulinganifu.

Jambo la pili. Jumanne nilipiga simu, ukaipokea, nadhani ulidhani ni mtu mwingine. Hukusema kitu, ukaikata. Lakini kabla hujaikata nilikusikia unavyohema. Sasa najua kwa nini unataka tuandikiane.

Unanificha mambo mawili. Niambie yote mawili, kwa mpangilio utakaoupenda.

Msumari


9 Juni

Mwanangu mpendwa,

Leo nakuamkia mimi, maana anayeomba ndiye anayetangulia kuinama.

Nianze na lililo dogo. Moyo wangu umechoka. Daktari mwenye viatu safi aliacha kuniandikia dawa mpya, akaweka kalamu chini, akaniuliza, "Nyumbani unakaa na nani?" Nimefundisha vya kutosha kujua kwamba mwalimu akianza kuuliza habari za nyumbani, mtihani umeshasahihishwa. Sijui ni lini. Naye hajui, ila hakununua muda kwa maneno mazuri, na kwa hilo ninamheshimu. Kupanda ngazi sasa ni safari yenye vituo. Nilipoipaka meza kwa ile soksi, nilikuwa nawaandalia ninyi mtakaokuja kuaga.

La pili ndilo kubwa. Duara la kwanza lilikuwa bahati mbaya, nakuapia. Hayo mengine niliyaweka mwenyewe. Nilichemsha maji, nikajaza kikombe, nikakisimamisha juu ya meza ya baba yangu, nikakaa kukitazama kama mtu anayesubiri mkate uumuke. Kigoda nilikichubua kwa kijiko. Droo zilikuwa zinanuka kweli, lakini zilikuwa zinanuka tangu zamani na sikuwahi kuona shida.

Ninampenda Fundi Taratibu. Nimeliandika na karatasi haikuungua.

Sikuolewa, nanyi mkadhani ni kwa sababu ya kazi, nami nikawaacha mdhani hivyo kwa kuwa ilisikika vizuri. Ukweli ni kwamba hakuna aliyewahi kunifanya nitake kubaki chumbani baada ya mazungumzo kuisha. Huyu akikaa kimya, nakaa. Wiki iliyopita, kitambaa kimo mkononi, macho yamo mezani, akasema, "Mwalimu, tukioana nitakuwa nafika kazini mapema." Nikamwambia nitampa jibu. Kisha nikamchemshia chai, maana jibu nilikuwa nalo tayari.

Baba yako hayupo. Wewe ndiye mwanamume wa upande wetu. Nataka usimame kwa ajili yangu, uniozeshe, na ufanye haraka. Mama yako atasema watu watacheka. Wacheke. Wengi wao niliwafundisha kuhesabu na bado hawajui.

Shangazi yako anayekusubiri


25 Julai

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe kwa kukawia. Niliandika nikachana, nikaandika nikachana. Mke wangu alisema barua zangu zimejaa kwenye jiko kuliko kuni.

Kwanza nililia kwa hilo ulilolipa jina la dogo. Kisha nilicheka kwa kijiko na kigoda. Kisha nikawa na hofu, na hiyo ndiyo iliyonifunga mkono.

Wewe hukumuona Fundi siku mkewe alipofariki. Mimi nilikuwepo karakana. Alifunga milango. Shelaki ikaganda mitungini, wanafunzi tukatawanyika. Siku niliporudi kuchukua zana zangu nilimkuta amekaa mbele ya mlango wa kabati uliopakwa nusu, ameushika kwa viganja vyote viwili, hafanyi lolote. Nikamsalimia, hakunisikia. Nilitoka nyumanyuma.

Nitakuozesha, Shangazi. Nitakuozesha kwa shangwe, na mama atake asitake atapiga vigelegele. Lakini barua yako ndefu yote haisemi kama Fundi anajua habari za moyo wako. Nadhani hajui. Siwezi kumpokea mtu yule mlangoni, nimkabidhi mkono wako, na huku najua asilolijua. Alinilea.

Mwambie. Akisema ndiyo, nakuja na nguo zangu za sherehe. Akiondoka, nakuja vilevile, nikae nawe.

Mwanao


12 Agosti

Msumari,

Barua yako nilikasirika nayo siku nzima. Kuna hasira inayompata mwalimu pale mwanafunzi anaposahihisha ubao, na ubao ukawa kweli umekosewa.

Nilimwambia leo asubuhi. Alikuwa anamalizia kiti. Nikasema, "Fundi, weka kitambaa chini."

"Kitakauka."

"Kiache kikauke."

Akanitazama. Akakitia kwenye mkebe wake, akaufunga, akakaa. Nikamwambia yote, mpaka swali la daktari. Nikamwambia nilitaka kuolewa kimyakimya nikamwachia yeye msiba, na kwamba wewe umenikataza.

Aliusogeza mkebe kando ya mguu wake. Kisha akauliza, "Maduara yale, ulikuwa unatumia kikombe kipi?"

"Ulijua?"

"Tangu la pili. La kwanza liliangukia meza. La pili liliwekwa."

"Na ukaendelea kuja?"

"Mwalimu, nilikuja kwenye mvua kukwambia siji. Ulidhani ninafanya nini?"

Nikataka kucheka, nikashindwa. Nikasema, "Na hili la moyo?"

"Hilo nimelijua siku nyingi. Unaposhuka ngazi, mimi nasimamisha mkono mpaka ufike chini. Nimeuguza. Pumzi hizo nazifahamu."

"Mbona hukusema!"

"Wewe ulisema?"

Akavua kofia. Sikuwahi kumwona bila kofia; ana kichwa kizuri. Akasema mkewe alimficha ugonjwa asimhuzunishe, naye akajifanya hajui asimhuzunishe, wakabaki wanatabasamiana kama wageni mpaka mwisho. "Nililia kwa ajili ya kufa kwake," akasema, "lakini kilichonifungia karakana ni yale matabasamu. Leo umenipa nilichonyimwa."

"Lakini sitadumu, Fundi."

"Mimi maisha yangu yote nafanya kazi na kitu kinachoharibiwa na kikombe cha chai," akasema. "Ningekuwa natafuta cha kudumu, ningekuwa mhunzi."

Basi nikalia, mimi Bikari. Akababaika, akafungua mkebe, akanipa kitambaa nijifute. Kumbe kilekile cha polishi! Spiriti ikanipanda puani, nikapiga chafya mfululizo, akawa ananipigapiga mgongoni na kuniomba radhi, na tulipomaliza kucheka nilikuwa nimeshasema ndiyo.

Lete hizo nguo za sherehe.

Shangazi yako, mwenye pua inayong'aa


21 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Naja mimi, mke wangu, mtoto na kitanda. Ndiyo, kitanda chenu cha harusi, nilikianza siku niliyopata barua yako ya Juni, kabla sijajua kama nitakituma. Hasira na hofu zangu zote nimezipigia randa. Polishi yake nimeipaka mwenyewe, tabaka juu ya tabaka, kwa kutembeza mkono kama alivyonifundisha. Mwambie asikikague kwa tochi.

Mama amesema watu watacheka. Nikamuuliza nani. Akafikiri sana, akasema, "Mimi nimeshaanza." Ameshonesha nguo mbili ili achague siku hiyohiyo.

Tatizo limebaki moja: sasa nimwiteje? Nikimwita Fundi, wewe utaninunia. Nikimwita Mjomba, yeye atanicheka. Mke wangu ameshauri nikohoe.

Msumari wenu


3 Oktoba

Mwanangu,

Tumepokea barua yenu ya kufika salama. Nimefurahi kwamba mtoto hakutafuna basi.

Tangu mlipoondoka nyumba imetulia, ila mama yako anakuja kila siku kukumbuka harusi, na kila siku amecheza zaidi ya jana. Sisi wenye nyumba tulikuwepo, tunajua alivyocheza, lakini mume wangu anamsikiliza mpaka mwisho na kumuuliza, "Kisha?" Ninaandika "mume wangu" na ninarudi kulisoma neno hilo. Niwie radhi.

Kitanda alikikagua kwa tochi. Akazunguka pande zote, akapiga magoti, akaangalia hata chini pasipoonekana. Akasema, "Mkono wake umetulia." Nimekuandikia maneno yenyewe kwa sababu najua uliyangoja tangu ujana wako.

Sasa nashinda zaidi kitandani. Hilo sikufichi, hatufichani tena katika ukoo huu. Ngazi tumeachana nazo; chumba ni hikihiki cha chini. Miguu imevimba, chakula kidogo, ila usingizi upo na kicheko kipo. Tunagombana nani anakoroma. Mimi nina hoja, yeye ana ushahidi.

Juu ya kitanda, darini, palikuwa na doa la kahawia la bomba lililovuja zamani. Nimepaka chokaa mara nyingi, doa linarudi. Juzi alipanda ngazi ya kazi, taratibu kama jina lake, akalipaka shelaki, akangoja likauke, ndipo akapaka rangi nyeupe. Nikamwambia litarudi. Alipomaliza akanawa mikono, akaja kulala kando yangu, watu wazima wawili mchana kweupe, tukatazama dari.

"Unaona kitu?" akauliza.

Nikatafuta. "Sioni kitu."

"Basi ndiyo kazi yenyewe."

Tukaendelea kutazama. Nilitaka kukueleza, Msumari, jinsi dari tupu inavyoweza kumtosha mtu, lakini naona kalamu inanizidi uzito, na huyu hapa ananiambia nafasi yangu kitandani inapoa. Zamani nilikuwa mtu wa kuitwa mara tatu ndipo nije.

Siku hizi naitikia ya kwanza.